Gari Lililopewa Jina la Mke Mwenzangu

Muthangari, Jumapili 4 Machi 1956

Leo Makau ameniambia kwamba gari lina jina la mke mwenzangu.

Miaka mitatu nimeishi na Zedekiah, na miaka yote hiyo nimesikia gereji nzima ikiliita Nyar Gem. Nilidhani ni jina tu, la kulipendezesha. Mimi ni Mbukusu, Kijaluo changu kinaishia kwenye salamu na matusi mawili. Ndiyo maana nyumbani tunazungumza Kiswahili, na ndiyo maana naandika Kiswahili hapa. Makau ni fundi mwenzake Zedekiah, Mkamba, na kila Jumapili huja kula kwangu kwa sababu mke wake yuko Machakos. Leo alipomaliza ugali alijipangusa mdomo akasema, "Lakini shemeji, wewe una roho nzuri. Mimi nikiita gari jina ya bibi mwingine, bibi yangu atanimwagia maji moto."

Nikamwuliza bibi gani. Akaanza kuitazama sahani.

"Nyar Gem si ni msichana wa Gem? Na bibi mkubwa si alitoka Gem?"

Peres alitoka Gem. Hilo nalijua, kama ninavyojua kwamba amezaa watoto wawili na mimi sijazaa hata mmoja, na kwamba ana nyumba ya matope yenye mlango wake mwenyewe kule Maseno, na mimi nina chumba kimoja nyuma ya nyumba ya memsabu ninayemlelea watoto. Zedekiah aliporudi sikumpa hata maji. Nilimwuliza.

"Ni gari tu, Nanjala," akasema.

"Na mimi ni nini?"

"Wewe ni mtu."

Amelala akikoroma. Nina wivu na chuma.

Jumatano 7 Machi

Jua kali. Zedekiah amenawa mikono kwa mafuta ya taa kabla ya sabuni, kama kawaida yake, na memsabu amelalamika kwamba nguo za watoto zinanuka. Anayenuka analala kwangu, lakini jina limekwenda kwa mwingine.

Jumapili 11 Machi

Niandike historia ya timu, maana nimeisikia mara nyingi kuliko Baba Yetu.

Mwenye gereji ni Bwana Harnam, Kalasinga wa River Road. Ana gari moja la mashindano, la kijani, alilolinunua likiwa bovu na mafundi wake wakalifufua. Kila mwaka, wakati wa masika, kuna mbio za kwenda Kisumu na kurudi: siku moja kwenda, magari yanafungiwa uwanjani Kisumu usiku, siku ya pili kurudi. Wazungu wa Hurlingham wana timu yao, magari matatu ya buluu, na wana lori linalobeba matairi na mpishi.

Mwaka wa kwanza gari la Bwana Harnam lilizama tope la Molo, likavutwa na ng'ombe. Zedekiah akifika hapo husema, "Lakini ng'ombe wenyewe walishangaa nguvu yake." Mwaka wa pili Kihara, fundi aliyekuwa akikaa kiti cha pembeni mwa dereva, alichukuliwa na serikali pamoja na Wakikuyu wengine wa mjini, na mpaka leo hatujui aliko. Bwana Harnam alishindana na shemeji yake kitini, asiyejua hata kushika spana, wakakwama mapema. Mwaka jana alikwenda na shemeji huyo huyo, wakaongoza mpaka Limuru. Pale breki zikachoka, la buluu likawapita, wakawa wa pili.

Hiyo ndiyo historia yote: tope, serikali na breki. Zedekiah huisimulia macho yakimng'aa, na akifika kwenye breki za Limuru hunyamaza kidogo kama mtu anayekumbuka maiti. Mimi sijawahi kumwona akinyamaza hivyo kwa ajili yangu.

Alhamisi 15 Machi

Mvua ya kwanza. Zedekiah alisimama mlangoni akiitazama mpaka chai ikapoa.

Jumapili 18 Machi

Were, binamu yake anayefanya kazi kwenye treni ya Kisumu, amekuja na salamu za nyumbani. Wamezungumza Kijaluo chumbani mwangu, juu ya kitanda changu, wakinywa chai yangu. Nilishika maneno mawili yaliyorudi na kurudi: Peres na kodhi. Were alipotoka nikauliza kodhi ni nini.

"Mbegu."

"Mbegu zina nini?"

Akajikuna shingo. Akasema baba yake alikufa, na yeye ndiye mwana mkubwa, kwa hiyo mvua ikija lazima afike nyumbani afungue mbegu na mke wa kwanza.

"Kufungua ni kupanda?"

"Kupanda, ndiyo. Lakini kwanza anafika nyumbani kwa mke wa kwanza. Analala. Asubuhi wanapanda."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na hayakuwa ya furaha. Wanaume wana visingizio vingi, lakini sijapata kusikia cha mahindi. Nikamwambia kwetu Kimilili tunatumia jembe. Akasema, "Nanjala, wewe hujui," akageukia ukuta.

Mwaka jana na mwaka juzi alikwenda Maseno mwezi kama huu, akaniambia mama ni mgonjwa. Leo ndiyo nimejua ugonjwa wenyewe.

Jumamosi 24 Machi

Mungu yupo. Bwana Harnam amempa Zedekiah kiti cha Kihara. Mbio ni tarehe kumi na nne na kumi na tano Aprili, na mpaka siku hiyo hakuna ruhusa kwa yeyote. Atakayeondoka, kiti kinakwenda kwa Makau.

Amekuja kuniambia akikimbia toka barabarani. Nimefurahi naye kwa moyo mweupe nusu, na nusu nyingine imefurahi kwa sababu zake. Nyar Gem wa chuma amemshinda Nyar Gem wa nyama. Nimepika kuku.

Jumatano 28 Machi

Mvua. Amesimama mlangoni tena.

Jumapili 1 Aprili, Pasaka

Kanisani nimekaa benchi la nyuma. Mimi sipewi meza ya Bwana kwa sababu ni mke wa pili. Peres anapewa kwao, eti yeye hakukosa. Watu walipokwenda mbele nilibaki na mwavuli wangu, nikawa namwona akilini Peres nisiyemjua akifungua mdomo.

Alhamisi 5 Aprili

Makau hawezi kukaa na neno. Amenikuta dukani Westlands nikinunua sukari, akasema, "Shemeji, mzee wako anataka shinda mara mbili." Nikambana. Akatoa yote.

Zedekiah amemwomba Were amtafutie baiskeli Kisumu, bila kumwambia ni ya nini. Magari yakishafungiwa uwanjani jioni, madereva watalala hoteli, yeye atapanda baiskeli mpaka Maseno, kwa Peres, na kabla ya alfajiri awe amerudi kwenye kiti chake.

"Ni ya mbegu tu," Makau akasema alipouona uso wangu. "Hiyo ni mambo ya kwao."

Basi kiti nilichokipikia kuku kilikuwa ndilo gari la kumpeleka.

Ijumaa 6 Aprili

Nimekwenda stesheni mchana, watoto wa memsabu nimewashika mikono. Nikamkuta Were. Nimemwambia hivi: "Zedekiah anasema umwambie Peres apande treni ya Ijumaa ijayo jioni, aje Nairobi. Anamwita."

Were akauliza, "Anamwita wakati huu?"

"Mimi ni mjumbe tu," nikasema.

Treni hiyo inafika hapa Jumamosi asubuhi, na magari yanaondoka Jumamosi alfajiri. Watapishana njiani. Atapiga baiskeli usiku kucha kwenda kulala na mlango. Nilitembea kurudi Muthangari nikiwa mwepesi, hata mtoto mdogo sikuuhisi uzito wake mgongoni.

Jumapili 8 Aprili

Nimetubu kanisani, kisha nimeitengua toba njiani.

Jumanne 10 Aprili

Mvua mchana kutwa. Mashamba ya memsabu na majirani zake yote yamepandwa. Zedekiah hali vizuri. Nilimwuliza ana nini, akasema breki.

Alhamisi 12 Aprili

Usiku alinishika mkono akasema, "Tukishinda, Bwana Harnam atanipa chumba nyuma ya gereji. Utaacha kulea watoto wa watu." Sikuwa najua. Were aliondoka na maneno yangu tangu Jumamosi, na maneno hayana breki.

Jumamosi 14 Aprili

Niandike yote, maana sitalala.

Alfajiri nilikwenda mjini kuwaona wakiondoka. Magari ya buluu yaling'aa kama sahani za memsabu. La kwetu lilikuwa limepakwa rangi upya, na mlangoni Zedekiah ameandika Nyar Gem kwa herufi nyeupe. Alikaa kando ya Bwana Harnam, kifua mbele, akanipungia mkono. Nikapunga. Bendera ikashushwa wakaenda. Mimi nikafuata barabara kwenda stesheni.

Nilikuwa nimemchora Peres akilini miaka mitatu. Nilimchora mnene, mweupe wa meno, mwenye nyonga. Aliyeshuka ni mwanamke mrefu, mkavu, macho mekundu, viatu mkononi, kikapu kichwani. Aliniangalia mara moja tu.

"Wewe ni Nanjala. Niambie, ako hai?"

Sikuelewa.

"Baba Ajwang. Ako hai ama amekufa?"

"Yu hai, dada. Yuko mzima. Amekwenda na gari, mbio za Kisumu."

Akashusha kikapu, akakaa juu ya sakafu ya stesheni mbele za watu. Baadaye akasema, taratibu, kwa Kiswahili chake cha soko, "Mwanaume hawezi kuita bibi wakati ya mbegu. Hata mtoto anajua hiyo. Yeye ndiye anakuja nyumbani, bibi haendi. Were alisema ananiita, mama akasema basi ni mgonjwa ya kufa. Nimelia kutoka Kisumu mpaka Nakuru. Nakuru nikachoka."

Nilikuwa nimepika uongo kwa jiko la watu nisiojua moto wake. Mwanamke yeyote wa Kijaluo angejua kudanganya vizuri zaidi.

"Nani aliniita?" akauliza.

Ningeweza kumtupia Were. Nilikuwa nimejiandaa. Lakini mtu anapokaa chini kwa furaha kwamba mume wako hajafa, ulimi unakuwa mzito. Nikasema, "Mimi."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliinuka, akavaa viatu, akasema, "Nionyeshe mahali ya kukaa."

Chumbani aliyatazama mashati ya Zedekiah ukutani, akaligusa moja ambalo nilikuwa nimelishona kiwiko. "Umeshona vizuri," akasema, na niliumia kama amenipiga. Nikampa chai. Ndipo akanieleza, na nikiandika naona aibu mikononi.

Hakuna anayepanda kabla ya mwana mkubwa na mke wake wa kwanza. Mama mkwe hajapanda. Wadogo zake Zedekiah watatu hawajapanda, wala wake zao. Udongo umelowa tangu mwezi jana, majirani wamepalilia, na boma zima limekaa na majembe likitazama barabara. "Mama anatazama mvua namna mtu anatazama treni imemwacha," akasema. Nami nilidhani ni habari ya kitanda.

Kwenye kikapu kuna mahindi na mtama wa mbegu. Alibeba akidhani, kama mume ni mgonjwa, labda atapata nguvu ya kurudi naye.

Nikamwuliza kama anajua Zedekiah yuko wapi saa hii. Nikamweleza habari ya baiskeli. Akatingisha kichwa. "Basi anakwenda kwangu, na mimi niko kwako." Akacheka kidogo, bila furaha. "Wewe mtoto, umefanya kazi."

Yeye amelala kitandani. Mimi niko chini kwenye mkeka. Mvua inapiga mabati. Bado nina wivu. Nilifikiri aibu ingeufukuza, kumbe vinakaa pamoja bila kugombana.

Jumapili 15 Aprili

Tulikwenda barabara kubwa, chini ya Muthangari, mahali magari yanapopita yakiingia mjini. Watu walikuwa wamejipanga kwenye tope. Makau alitukuta hapo. Alipojua huyu ni nani alitoa kofia, akaivaa, akaitoa tena.

Karani mmoja mwenye simu dukani alikuwa akipokea habari na kuzitangaza. Asubuhi alisema la kijani limechelewa kuondoka Kisumu, mtu wake wa pembeni hayupo. Sheria ni kwamba wote wawili lazima wawe ndani, na kila dakika ambayo gari linangoja inahesabiwa. Peres alinitazama. Nikatazama viatu vyangu.

Mchana akasema la kijani linakimbia kama limeiba. Limepita mawili ya buluu Molo, kwenye tope lile lile la ng'ombe. Watu wa River Road walikuwa wameanza kuimba. Makau akanishika bega akasema, "Shemeji, wanakuja, wanakuja," na mimi nikaomba kwa moyo wote, Mungu ni shahidi, nikaomba kwa ajili ya kile chuma chenye jina la mwenzangu.

Jioni karani akasema Kinoo wameona la buluu, na nyuma yake karibu kabisa la kijani.

La buluu likapita kwanza. La kijani likafuata, taa moja imevunjika, tope mpaka juu. Zedekiah alikuwa dirishani na uso wa mtu aliyekesha. Aliniona mimi, mkono ukaanza kuinuka. Kisha akamwona aliyesimama kando yangu. Sijawahi kuona mkono wa mtu ukisahau kazi yake hewani. Gari likapita nao hivyo.

"Ile ndiyo gari?" Peres akauliza.

"Ile."

"Imeandikwa nini mlangoni?"

Nikamwambia. Hakuwa anajua. Alilifuata kwa macho mpaka lilipopotea.

"Ile kitu chafu ndiyo mimi?"

"Ndiyo wewe."

"Na imeshinda mwaka gani?"

"Haijashinda."

"Mwambie atoe jina yangu," akasema.

Tulicheka. Makau anasema watu walitugeukia. Nilicheka nikiwa nalia, maana matokeo yalikuja baadaye kidogo: la kijani la pili tena, na dakika walizoshindwa ni chache kuliko zile lilizomngoja Zedekiah Kisumu.

Jumatatu 16 Aprili

Amesimulia, nasi wawili tukisikiliza, kila mmoja upande wake wa kitanda. Baiskeli aliikuta imeachwa stesheni Kisumu, Were mwenyewe yuko safarini, akafika Maseno amelowa. Mama yake alipomwona alipiga kelele akidhani ni mzimu. Alisimama kwenye mlango wa nyumba tupu. Njiani kurudi tairi la baiskeli likatoboka, akakimbia akiisukuma.

"Nani alimwita Peres?" akauliza.

Peres akasema, kabla sijafungua mdomo, "Mimi nilikuja mwenyewe. Nilichoka kungoja."

Nilimtazama. Hakunitazama. Nikasema, "Hapana. Ni mimi, kupitia kwa Were. Nilitaka ukute mlango."

Zedekiah aliniangalia muda mrefu, kisha akatoka nje akasimama kwenye mvua. Hakunipiga wala hakusema. Bwana Harnam ndiye aliyesema, asubuhi gerejini, na Makau kaniletea: chumba hakuna, kiti mwaka ujao atafikiria, na sasa, "Wewe enda nyumbani, panda hiyo mahindi yako, ukirudi akili iko hapa."

Wameondoka na treni ya jioni. Stesheni Peres alifungua kikapu, akanifungia mahindi kwenye kitambaa.

"Hii ni yako. Mke wa pili pia ana mbegu. Lakini usipande kabla yetu. Ngoja habari."

"Nitajuaje?"

"Atakuja kukwambia yeye."

Jumatano 18 Aprili

Mvua. Kitambaa kiko dirishani.

Jumamosi 21 Aprili

Mvua nzuri, laini, ya kupandia. Nimeshalima kipande nyuma ya chumba, memsabu ameniruhusu. Virginia, mpishi wa jirani, ameniuliza kwa nini nimelima na sipandi. Nikasema nangoja watu. Akaniangalia kama mwendawazimu.

Usiku huu wanalala nyumba moja. Nimelifikiria hilo mpaka limechakaa. Linauma bado, lakini nimelijua sasa mahali linapokaa.

Jumanne 24 Aprili

Jua. Niliogopa mvua imekwisha. Nilisimama mlangoni nikitazama mawingu mpaka chai ikapoa.

Jumatano 25 Aprili

Mvua. Sijapanda.

Jumapili 29 Aprili

Amerudi asubuhi na treni, viatu vina udongo mwekundu usio wa Nairobi. Nilikuwa nimepanga maneno. Yeye alisema moja tu.

"Tumepanda."

Nikachukua kitambaa dirishani, nikatoka nje bila hata kumpa chai. Akanifuata, akashika jembe akachimba mashimo, mimi nikiinama nyuma yake natia punje na kufukia kwa mguu. Tukafika mstari wa pili.

"Peres amekataa gari liwe na jina lake," akasema. "Amesema mbele ya mama. Nimepitia kwa Bwana Harnam toka stesheni, amenirudishia kiti, kwa mwaka ujao. Nilikuwa nafikiri, tukilipaka rangi upya, niandike Nanjala."

Niliinuka. Wiki nane zilizopita ningemrukia shingoni.

"Gari lililoshindwa miaka minne ndilo unanipa mimi?"

"Basi nifanye nini?"

"Liache bila jina," nikamwambia. "Siku likishinda, mimi na Peres tutakuja kuligombania."

Akacheka kwa mara ya kwanza tangu Kisumu, akachimba shimo lingine.